Daftari la Sauti

Ilianza darajani, baada ya Mukongoro,
asubuhi, na magunia mawili ya mihogo nyuma:
tik.
Kanyaga, tik. Kanyaga, tik.
Kama mtu anayehesabu madeni yangu kwa ulimi.

Stejini Kumi washauri hawana uhaba.
"Mnyororo huo," alisema Okurut, hata hajainama.
Nikanunua mnyororo. Tik.
"Gololi zimekwisha," alisema yule mwenye kofia ya benki.
Nikanunua gololi, na grisi juu yake. Tik.
"Baiskeli zenyewe za siku hizi, chuma cha sufuria,"
alisema mzee mmoja asiye na baiskeli,
na huo nao ulikuwa ushauri, nadhani.
Penye wazee haliharibiki neno, walisema wahenga.
Mnyororo hawakuutaja.

Siku ya tano nikamkuta Asekenye
nyuma ya duka la mbegu, kando ya reli iliyoota majani,
mikono myeusi hadi viwikoni, mtoto mgongoni.
Hakuniuliza nimenunua nini.
Aliuliza, "Inaliaje?"
Nikaiigiza kwa ulimi. Hakucheka.

Akanionyesha nguzo, kwa kidole cha grisi.
Daftari limefungwa pale kwa njiti ya gurudumu,
kurasa zimekatwa ukingoni, ngazi kwa ngazi, kwa wembe,
kidole kisipotee:
KRRR. TII. KWA-KWA. FSSS. TIK.
Si majina ya vipuri. Nani anayakumbuka majina ya vipuri
saa moja jioni, kilomita tisa kabla ya nyumbani?
Inavyolia, hilo kila mtu analijua.

Jaladani, sheria zake kwa Kiteso,
na chini yake Kiswahili, kwa Wakaramojong wapitao,
kwa askari, kwa wachuuzi wa Mbale:

Usiandike ulichosikia. Andika ulichofungua.
Taja baiskeli, mzigo na barabara.
Ukikosea usifute. Piga mstari mmoja tu,
tuone na sisi ulipopotelea.

Nikafungua TIK.
Maelezo manane, matatu yamepigwa mstari.
La kwanza: "Zungusha pedeli kwa mkono, bila mtu juu.
Ikilia, ruka hadi chini ya ukurasa."
Haikulia.
La nne, mwandiko wa mtoto wa shule:
"Endesha umesimama mpaka kisimani.
Ikinyamaza, kosa si la miguu, ni la makalio.
Kaza nati ya kiti."

Nikasimama, nikaendesha mpaka kisimani
mbele ya wanawake na madebe yao, kama mwendawazimu.
Kimya.
Nikakaa.
Tik.

Nusu mzunguko wa spana namba kumi na tatu.
Shilingi elfu thelathini na nne nilikuwa nimekwisha kuzilisha
mnyororo, gololi, midomo ya watu.
Asekenye hakunitoza hata mia.
Alinipa kalamu.
"Haya. Na wewe."

Nilitoka jasho kuliko siku ya mtihani.
"Rodimasta nyeusi. Mihogo gunia mbili. Njia ya Mukongoro.
Nimebadili mnyororo. Nimebadili gololi.
Ilikuwa kiti."
Nilitaka sana kuuficha ule mnyororo.
Nikauacha pale, na mstari wake mmoja juu,
umelala kama nyoka aliyekanyagwa na lori.

Majuzi nimerudi na pancha.
Nikapitia TIK, basi tu, kama mtu apitavyo kwake.
Chini ya maneno yangu, wino wa kijani,
mkono nisioujua:
"Kweli, ni kiti. Lakini yangu, mvua ikinyesha,
inaanza tena. Nimefungua usukani, si huo.
Bado natafuta."

Kisha nafasi, upana wa vidole viwili,
ameiacha wazi.